Pepe hakuwa mpiga mateke tu

Ukimtaja Pepe, beki wa Ureno aliyechezea Real Madrid kuanzia 2007 hadi 2017, wengi watakuambia alikuwa mpiga mateke tu. Chanzo kinajulikana: Aprili 2009 alimpiga mateke Casquero wa Getafe akiwa chini, akafungiwa mechi 10. Alistahili adhabu ile, simtetei. Lakini irudie fainali ya Euro 2016. Ronaldo katoka mapema, kaumia, na Ufaransa wako nyumbani. Dakika ya 92 Gignac, mshambuliaji wa Ufaransa, akamgeuza Pepe ndani ya boksi, akapiga, mpira ukagonga nguzo. Pepe hakutetereka. Dakika 120 zikaisha Ufaransa hawana bao, naye akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Euro 2024 aliicheza akiwa na miaka 41.