Akizima asiachwe alale: maswali kuhusu kuzidiwa na pombe au unga (heroini)

Kijana karudi usiku amelewa chakari, kajitupa kitandani anakoroma. Si tumwache alale, tutaongea asubuhi?

Kuongea kutakuwepo. Usiku huu kazi ni pumzi yake. Pombe iliyo tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya mtu kuweka chupa chini, kwa hiyo aliyelala saa saba anaweza kuwa amelewa zaidi saa nane. Na ule mkoromo mzito wa kugugumia si usingizi mtamu; mara nyingi ni ulimi uliolegea unaoziba koo.

Mwite kwa jina, mfinye bega kwa nguvu. Akiitika, mlaze ubavu na mtu akae naye. Asipoitika, mpelekeni hospitali. Wakati usafiri unatafutwa, washa saa ya simu, weka kiganja kifuani pake, hesabu pumzi za dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Zikiwa chini ya 8, au ikipita zaidi ya sekunde 10 bila pumzi, hiyo ni dharura. Kwenye ngozi nyeusi usitafute mabadiliko usoni: tazama ufizi, kucha na viganja kama vimepauka au kuwa vya kijivu.

Analazwaje ubavu?

Piga magoti pembeni yake. Mkono wake ulio upande wako unyooshe nje. Wa pili uvushe kifuani, mgongo wa kiganja uguse shavu lake, uushikilie hapo. Kunja goti la mbali, livute kuja kwako, naye atageuka mwenyewe bila kutumia nguvu. Inamisha kichwa nyuma kidogo, mdomo utazame chini, ili matapishi yatoke nje yasirudi kwenye mapafu. Aliyelewa akilala chali anaweza kupaliwa na matapishi na kufa usingizini.

Maziwa je? Kahawa chungu? Kumwagia maji?

Hakuna hata kimoja kinachotoa pombe kwenye damu. Asiyejitambua akinyweshwa maziwa atapaliwa. Maji ya baridi humshusha joto ambalo pombe tayari imelishusha. Kumtia vidole kooni atapike ni hatari vilevile.

Ini huondoa takriban gramu 7 hadi 10 za kilevi kwa saa, na haliharakishwi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Kichupa cha pombe kali cha mililita 200, asilimia 35, kina gramu 56, karibu bia tatu, na kijana hukimaliza kwa dakika chache akichanganya na soda. Viroba vya plastiki vya pombe kali vilipigwa marufuku Tanzania Machi 2017; vichupa bado vipo.

Alikunywa gongo jana, leo anasema haoni vizuri.

Mpelekeni sasa hivi. Kuna gongo inayochanganywa na spiriti ya viwandani yenye methanoli, ambayo mwilini hugeuka asidi inayoharibu mshipa wa macho. Hangova hupungua kadiri siku inavyokwenda. Sumu hii hufanya kinyume: saa 12 hadi 24 baadaye ndipo huja ukungu machoni, tumbo kuuma na kuhema haraka. Harufu wala ladha haziitambulishi, na lile jaribio la kuiwasha kiberiti halithibitishi kitu.

Akiwa amezidiwa na unga?

Mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, pumzi huwa chache, haamki. Msimchome maji ya chumvi kama inavyofanyika maskani. Pumzi zikiwa zinakaribia kukatika, mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde 5 mpaka msaada ufike. Hospitali ikiwa na naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya unga, anaweza kuzinduka, lakini asiondoke: dawa hiyo inaweza kuisha nguvu ndani ya saa moja, unga bado umo mwilini.

Aliyechanganya unga na pombe au vidonge vya valium yuko kwenye hatari kubwa zaidi, maana vyote hupunguza pumzi. Mwambieni daktari kila alichotumia. Bebeni na kopo au karatasi ya kidonge.

Tumpeleke na boda?

Hapana. Mshikaki wa watu watatu, mgonjwa katikati, kichwa kinaangukia kifuani na koo linafungwa njiani. Chukueni bajaji au gari: alale ubavu kiti cha nyuma, mmoja ashike kichwa chake.

Alikaa sober house (nyumba ya kuachia dawa za kulevya) miezi sita, yuko safi. Bado tuwe na wasiwasi?

Hasa yeye. Mwili umesahau unga. Kete aliyoizoea zamani sasa inaweza kumuua mara ya kwanza tu. Methadoni, dawa inayochukua nafasi ya unga, inayotolewa hospitali za Dar es Salaam, Muhimbili tangu 2011 na baadaye Mwananyamala na Temeke, kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu na huzuia arosto, yale mateso ya kukosa unga, inayomrudisha kijiweni. Akipewa dozi ya nyumbani, ifungiwe kabatini: kiasi cha kumtuliza yeye kinatosha kumuua mdogo wake.