Umegongwa ukiwa kwa baiskeli na dereva akatoroka? Litafute gari kabla ya dereva

Watu wengi waliogongwa wakiendesha baiskeli hukatishwa tamaa na swali moja: dereva alitoroka, sikumwona uso, nitamshtaki nani? Kwa sheria za Kenya, uso wa dereva si mwanzo wa kesi. Mwanzo ni gari. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humchukulia mtu ambaye jina lake liko kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na mwenye gari akiulizwa na polisi anawajibika kusema nani alikuwa kwenye usukani. Bima ya lazima nayo imeshikamana na gari. Kwa hiyo siku tatu za kwanza zina kazi moja kubwa: kuliunganisha gari fulani na majeraha yako, kwa maandishi na kwa vitu vinavyoshikika, kabla mvua, mafundi na kamera zinazojifuta hazijauharibu ushahidi.

Pale barabarani

Ukiwa na fahamu na unaweza kusema, itamke nambari ya gari kwa sauti mbele ya mtu mwingine, kisha jirekodi kwenye simu. Kumbukumbu ya nambari huchanganyika haraka: D hugeuka 0, B hugeuka 8, na baada ya saa moja shahidi mmoja anasema KDC na mwingine KDG. Nambari nusu si bure. Herufi tatu za mwanzo, rangi, aina ya gari, jina la sacco ubavuni mwa matatu, maandishi ya kioo cha nyuma, jina la kampuni kwenye mlango wa lori: vikiwekwa pamoja, vinapunguza sana magari ambayo polisi watayafuatilia.

Wanaopita barabara za Lunga Lunga, Enterprise au Mombasa Road jijini Nairobi asubuhi, katikati ya malori ya viwandani, wazingatie jambo ambalo huharibu kesi nyingi. Trela lina nambari yake lenyewe, inayoanza na Z, tofauti na ya kichwa kinacholivuta. Shahidi aliyesoma nyuma ya lori amesoma nambari ya trela, na trela hilo kesho huenda likavutwa na kichwa kingine. Andika kuwa nambari ilionekana nyuma, na mtafute aliyeona mbele. Pikipiki husomwa kwa herufi KM mwanzoni, na bodaboda ikikugonga na kutoroka ni kosa lilelile.

Chukua majina na nambari za simu za mashahidi wawili au watatu. Wapita njia ni wa shida kuwapata tena, ila mama mboga, mlinzi wa lango na vijana wa steji ya bodaboda kesho watakuwa palepale. Piga picha kabla baiskeli haijasogezwa: ilipolala, alama za breki, vioo vilivyomwagika, bango au nguzo iliyo karibu ili mahali patambulike. Kama baiskeli ilikuwa na taa na rifleka, zionekane kwenye picha hata kama zimevunjika. Wakili wa bima atadai ulikuwa gizani bila taa, na mahakama ikikubali hukukata sehemu ya fidia kwa mchango wako katika ajali.

Usipokee pesa za barabarani kutoka kwa mtu anayerudi au anayepiga simu baadaye akisema “tuyamalize”. Elfu kumi ya siku ya kwanza haijui kama mfupa wa kiuno umepasuka. Na usitie sahihi karatasi yoyote inayosema umelipwa na huna dai tena.

Kituoni: usiondoke bila kusoma kilichoandikwa

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki kinamtaka dereva asimame na atoe jina lake na la mwenye gari. Asipofanya hivyo, anatakiwa kuripoti kituoni haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Hapa madereva wengi hujitetea kwamba walikimbia wakiogopa kupigwa na umati. Hofu hiyo wakati mwingine ni ya kweli, lakini haimwondolei mtu wajibu wa kuripoti. Ndiyo maana, ukiripoti, uliza pia kama kuna dereva aliyeripoti ajali ya saa hiyo katika vituo vya jirani. Hutokea dereva akaandikisha kisa kwenye kituo cha mbali, kwa maneno yanayomfaa yeye: kwamba baiskeli ndiyo iliyomwingilia.

Ripoti siku hiyohiyo, au umtume ndugu ikiwa umelazwa. Taarifa huingizwa kwenye kitabu cha matukio na unapewa nambari ya OB pamoja na tarehe. Isome ile taarifa kabla ya kuondoka. Kosa la kawaida ni afisa kuandika kwamba mwendesha baiskeli “alianguka” au alijigonga mwenyewe, kwa kuwa gari halikuwepo pale. Sentensi hiyo moja itanukuliwa miaka miwili baadaye mahakamani. Taarifa iseme: aligongwa na gari, likatoroka; iseme upande aliogongwa, lilikokuwa likielekea gari, na nambari yake yote au sehemu yake. Chukua jina na cheo cha afisa anayechunguza.

Kituoni utapewa fomu ya P3. Haiuzwi. Polisi hujaza sehemu yao, mhudumu wa afya hujaza nyingine akieleza majeraha na uzito wake. Baadaye utaomba abstrakti ya polisi, muhtasari wa ajali unaotaja magari, watu na hatua ya uchunguzi. Kampuni ya bima na wakili wataanza kwa kuulizia karatasi hii.

Hospitali

Katiba, Ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. P3 si sharti la kutibiwa. Enda hospitali kwanza ikiwa umeumia, kituo kitangoja. Kizunguzungu, kutapika au kupoteza fahamu hata kwa sekunde chache kunahitaji kichwa kichunguzwe, ingawa kwa nje ni mkwaruzo tu.

Ukiulizwa kilichotokea, jibu kamili: “Niligongwa na gari nikiendesha baiskeli, gari likatoroka.” Mhudumu aliyechoka huandika “ameanguka kutoka kwa baiskeli”, na karatasi ya kwanza ya matibabu huaminiwa kuliko maelezo yote yanayofuata kwa sababu iliandikwa kabla ya mtu kufikiria fidia. Ikiwa imeandikwa vibaya, omba irekebishwe siku hiyohiyo. Weka karatasi za matibabu, picha za eksirei, muhtasari wa kuruhusiwa kutoka hospitalini, na kila risiti. Gharama zilizokwisha kutumika lazima zitajwe moja moja katika madai na zithibitishwe; mahakama haikadirii. Anayefanya kibarua bila hati ya mshahara aombe taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa iliyopita. Si ushahidi kamili wa kipato, ila ni bora kuliko neno tupu.

Baiskeli, nguo na kamera

Usiipeleke baiskeli kwa fundi. Rimu iliyopinda, fremu iliyobonyea na kiti kilichong’oka vinaonyesha ulipigwa kutoka upande gani na kwa kimo gani, na bampa la lori na la gari dogo la saluni hayako kimo kimoja. Rangi ya gari hubaki kwenye fremu kama mstari mwembamba. Ipige picha kwa karibu, na usiikwaruze ili “kuihifadhi”. Vipande vya taa, kioo cha pembeni au bampa mara nyingi vina nambari ya kipuri iliyochapwa ndani, na kwa hiyo nambari aina ya gari hutambulika. Vikabidhi kwa polisi kama vielelezo na uombe viandikwe. Nguo zisifuliwe: zikaushwe kivulini na kuwekwa kwenye mfuko wa karatasi, kwa maana plastiki huvundisha.

Kamera ndizo za kushughulikiwa haraka kuliko vyote. Mitambo mingi hurekodi juu ya picha za zamani, mingine baada ya siku chache tu. Tembea barabara yote ambayo gari lilikimbilia, si mahali pa ajali pekee: vituo vya petroli, malango ya viwanda, maduka makubwa, shule. Huko mbele ndiko nambari inakoweza kusomeka na kioo kilichovunjika kuonekana. Mwenye kamera anaweza kukataa kukupa picha akitaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na si lazima ubishane naye. Mwombe kwa barua azihifadhi tu, abaki na nakala na wewe ubaki na nakala iliyopigwa muhuri au sahihi ya kupokelewa, kisha mpelekee afisa wa uchunguzi barua hiyo ili azichukue picha rasmi. Piga picha ya saa ya kamera ikiwa kando ya saa ya simu yako. Saa za kamera hupotea hata kwa dakika ishirini, na tofauti isiyoelezwa hutosha kumwokoa mtuhumiwa. Ushahidi wa kielektroniki pia unahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachotiwa sahihi na mtu anayehusika na mtambo huo. Uliza mapema ni nani atakayekitia sahihi.

Ukishapata nambari

Nakala ya rekodi za gari hupatikana kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, kwa ada ya Sh550. Inaonyesha mwenye gari aliyesajiliwa. Akisema aliliuza zamani bila kubadilisha usajili, ni juu yake kuthibitisha, na katika madai mnunuzi aunganishwe kama mdaiwa wa pili badala ya kumwacha wa kwanza.

Kuanzia hapa kuna njia mbili. Kesi ya jinai ni ya serikali, chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma: kutosimama, kuendesha kwa hatari, na mtu akifa, kusababisha kifo, kosa ambalo adhabu yake hufika kifungo cha miaka 10. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inakupa haki ya kujulishwa na kusikilizwa. Kesi ya madai ni yako, na haingoji ile ya jinai. Dereva akipatikana na hatia, hukumu hiyo ni ushahidi thabiti katika madai yako. Akiachiliwa, bado unaweza kushinda, kwa kuwa madai huamuliwa kwa uzito wa uwezekano, si kwa kuondoa shaka yote.

Madai huanza kwa barua ya kudai, nakala ikienda kwa kampuni ya bima. Ipe kampuni hiyo notisi ya kesi kabla ya kufungua, kwa sababu chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya lazima ya magari, kampuni isiyopewa notisi kwa wakati inaweza kukwepa kulipa hukumu. Bima hiyo hulipa hadi Sh3 milioni kwa mtu mmoja. Kinachozidi hudaiwa mwenye gari na dereva. Kesi nyingi za majeraha huenda kwa hakimu. Mahakama ya Madai Madogo, yenye kikomo cha Sh1 milioni na lengo la kumaliza ndani ya siku 60, inavutia, lakini mamlaka yake juu ya majeraha ya ajali yamebishaniwa hadi Mahakama Kuu. Pata ushauri kabla ya kuichagua.

Muda ni miaka 3 tangu ajali. Gari likiwa la serikali, lenye GK, ni miezi 12 tu, na hapa ndipo watu hupoteza kesi nzuri wakisubiri polisi “wamalize”. Mtu akifariki, familia inahitaji barua za usimamizi wa mirathi ili kudai kwa niaba ya marehemu. Zipo za muda, kwa ajili ya kesi pekee, ambazo hutoka haraka kuliko mirathi kamili.

Kuhusu mawakili: makubaliano ya kulipwa asilimia ya fidia iwapo tu kesi itashinda hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili. Anayekufuata wodini na fomu ya kutia sahihi, mwondoe. Asiye na uwezo aende kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo cha Sheria.

Faili likilala kituoni, mwandikie OCS, yaani mkuu wa kituo, barua, upate nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Bila jibu, panda kwa kamanda wa kaunti ndogo. Ikiwa afisa ameficha ushahidi au amedai hongo, lalamika kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi. Barua tatu zenye muhuri huamsha faili kuliko ziara ishirini za kuuliza kwa mdomo.

Na gari lisipopatikana kabisa? Bima ya Sura ya 405 haina pa kushika, kwa sababu hulipa hukumu dhidi ya mtu aliyekatiwa bima. Kinachobaki ni bima ya ajali binafsi au ya chama cha akiba ikiwa unayo, na madai ya WIBA, sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, ikiwa ulikuwa kazini, kwa mfano ukipeleka mizigo ya mwajiri. Safari ya kawaida ya nyumbani hadi kazini kwa baiskeli yako mwenyewe kwa kawaida haihesabiwi. Hata hivyo chukua abstrakti inayosema uchunguzi unaendelea, na utunze baiskeli. Gari lenye bampa jipya na rangi isiyolingana huweza kukamatwa kwa kosa jingine miezi mingi baadaye, na mstari wa rangi kwenye fremu yako ndio utakaolinganishwa nalo.