Je, wajua? Kukandwa viungo hakurudishi homoni za mwanamke anayekoma hedhi

Shangazi yangu anaishi Nakuru, mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Julai mtu hulala kwa mablanketi mawili. Alipoanza kuamka ameloa jasho katikati ya baridi hiyo, nilimshauri amtafute mtaalamu wa osteopathi, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba tiba hiyo huwafaa wanawake wanaokoma hedhi. Niliamini mambo mawili, yote ya makosa: kwamba, kwa kuwa jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mfupa, kazi yake ni kuimarisha mifupa, na kwamba mwili ukikandwa vizuri, homoni zilizopungua hurejea.

Osteopathi ilianzishwa na daktari Mmarekani, Andrew Taylor Still, mwaka 1874. Ni tiba ya mikono: mtaalamu hupapasa, hukanda na kunyoosha misuli, na kuvisogeza viungo. Tiba hii haiongezi mfupa. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya daima na chembe zake zenyewe, na estrojeni, mojawapo ya homoni hizo zinazopungua, ndiyo huwazuia wabomoaji wasipite kiasi. Ikipungua, ubomoaji huushinda ujenzi, hasa katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Tena, mwanamke ambaye mifupa yake imekwisha kudhoofika hapaswi kusukumwa uti wa mgongo kwa nguvu na kwa ghafla, kwa sababu pingili zaweza kuvunjika. Laiti ningalijua hilo kabla ya kutoa ushauri wangu.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Nilizifikiria homoni kama maji yaliyoziba katika bomba, yakisubiri fundi wa kuyazibua. Hakuna kilichoziba. Vijiyai vya ovari, ambavyo mwanamke huzaliwa navyo, vimekaribia kwisha, na pamoja navyo chembe zilizokuwa zikitengeneza sehemu kubwa ya estrojeni. Miezi 12 ikipita bila hedhi, kwa kawaida kati ya umri wa miaka 45 na 55, husemwa kwamba hedhi imekoma.

Basi lile fukuto la usiku latoka wapi? Anayeijua tambarare ya Kano, karibu na Kisumu, ataelewa upesi. Mto Nyando huteremka kutoka nyanda za juu ukibeba udongo mwingi, na udongo huo hutua mto ufikapo kwenye tambarare, hata kina chake kikapungua. Mvua ambayo zamani ingepita bila kumwamsha mtu sasa humwagika mashambani. Maji hayakuongezeka, nafasi ya kuyabeba ndiyo iliyopungua. Joto la mwili nalo hupanda na kushuka kidogo siku nzima, na sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huacha nafasi ambamo mabadiliko hayo hupita bila hatua kuchukuliwa. Estrojeni ikipungua, neva fulani za sehemu hiyo, ambazo ilikuwa ikizituliza, huchangamka kupita kiasi, na nafasi ile hubana. Kikombe cha chai chatosha kuvuka ukingo. Ubongo hufungua mishipa midogo ya damu kwenye ngozi, uso huwaka, jasho hutoka, na kwa dakika chache mwili humwaga joto ambalo haukuwa na haja ya kulimwaga. Ajabu ni kwamba mara nyingi kutetemeka hufuata, kwa sababu jasho limeufikisha mwili kwenye ukingo wa pili, ule wa baridi, ambao nao umesogea karibu. Hapo mfano wangu wa mto hauendi mbali zaidi. Ndiyo maana fukuto humpata mwanamke wa Nakuru kama linavyompata wa Kisumu, ingawa wa Kisumu ni rahisi kudhani ni joto la ziwani.

Mikono ya mtaalamu haiufikii ukingo huo. Inachoweza kufikia ni mgongo, shingo na mabega, ambayo huwauma wanawake wengi katika kipindi hiki, na maumivu yakipungua usingizi nao huenda ukatengemaa. Kuhusu mafukuto yenyewe, tafiti za osteopathi ni chache na zimehusisha wanawake wachache, kwa hiyo nafuu inayosimuliwa yahitaji kupimwa kwa uangalifu: mapitio ya mwaka 2004 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba hata wanawake waliopewa vidonge visivyo na dawa waliona mafukuto yakipungua kwa zaidi ya nusu. Walipata nafuu ya kweli, lakini haikutoka kwenye kidonge. Dawa za homoni ziliwapunguzia zaidi, na mwaka 2023 Marekani iliidhinisha fezolinetant, dawa isiyo ya homoni inayozuia ujumbe wa neva zile zile zilizochangamka.

Shangazi alimwendea daktari kwa ajili ya mafukuto, akapimwa pia mifupa. Mabega bado hukandwa, taratibu, na mtu aliyemwuliza kwanza majibu ya kipimo hicho.