Vipimo vya thairoidi viko sawa, hasira bado ziko palepale

"Vipimo viko sawa, kwa hiyo hizi hasira ni tabia yake tu." Sentensi hii nimeisikia kwa waume, kwa wake, kwa wakwe, na kwa aibu naongeza: hata kwa madaktari wenzangu. Imenichosha.

Mtazame mtu ambaye thairoidi yake, ile tezi ya shingoni, inazalisha homoni kupita kiasi. Mwambie anyooshe mikono, kisha mlazie karatasi juu ya vidole. Itatetemeka hata akijikaza vipi. Moyo unamwenda mbio hali ameketi, usiku halali, shuka anazitupa chini kwa joto. Mwili umeshapanda kabla hakijatokea cha kugombania, halafu mtu anakuja kumwuliza mbona umenuna.

Anaanzishiwa carbimazole, na nyumba nzima inasubiri utulivu kesho yake. Dawa hii inazuia kutengenezwa homoni mpya, basi. Akiba iliyokwisha kujazana ndani ya tezi haiigusi, nayo itaendelea kumwagika kwenye damu kwa wiki kadhaa. Propranolol, dawa ya kutuliza moyo, hupunguza mtetemeko na mapigo upesi zaidi, ila mwenye pumu asiiguse. Na ukiwa kwenye carbimazole ukapata homa au koo likauma, acha dawa na ukapimwe damu siku hiyohiyo. Chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, huenda zimeporomoka.

Sasa tuje kwenye hiyo "sawa". Sawa ipi? Thairoidi hutoa homoni mbili, T4 na T3: T4 inaweza kuwa imeshuka vizuri huku T3 ikiwa bado juu, na kama hukuipima hutajua. TSH nayo, homoni ya kutoka ubongoni inayoiamrisha tezi, inaweza kubaki chini kabisa kwa miezi baada ya homoni zenyewe kutulia. Kwa anayetumia levothyroxine, kidonge cha homoni kwa mwenye thairoidi inayozalisha kidogo, TSH huhitaji wiki 6 hadi 8 kutulia kila dozi inapobadilishwa; ukipima wiki ya pili unasoma habari nusu. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, aina ya vitamini, huweza kuidanganya mashine ya maabara. Tena maabara nyingi huhesabu TSH ya kati ya 0.4 na 4.0 kuwa ya kawaida: mtu akitoka 0.5 akafika 3.8, karatasi zote mbili zitaandikwa sawa, wakati mwili wake umehisi tofauti. Na hata pale namba zinapokuwa sawa kweli, hisia huchelewa nyuma ya damu, wakati mwingine kwa miezi.

Wenye thairoidi iliyolegea, inayozalisha kidogo, nao hufoka, si kusinzia na kuhuzunika tu. Kinachoniudhi ni wanaojiongezea dozi siku wakiamka wamenuna. Levothyroxine ikizidi inaleta mapigo ya moyo, kukosa usingizi na, naam, hasira. Imeze tumbo likiwa tupu, subiri walau nusu saa ndipo ule, na vidonge vya chuma au kalisi viweke mbali nayo kwa saa 4.

Wakati unasubiri dawa ifanye kazi, shika kifundo cha mkono uhesabu mapigo kabla hujajibu. Yakiwa yamepita 100 hali umetulia kitini, mjadala huo uahirishe, na barua ya kuacha kazi usiitume. Punguza kahawa. Waambie wa nyumbani mapema, kabla ya ugomvi. Ukiwaambia katikati yake itasikika kama kisingizio. Na kumpiga mtu hakuna homoni inayokutetea.

Kuna jambo moja halinipi raha. Ninao wagonjwa ambao kila kipimo kimetulia kwa miezi, dawa wanameza inavyotakiwa, na bado wanalipuka. Siwezi kuwagawia hasira yao mafungu, hili la tezi, hili la kwao, na anayedai anaweza simwamini. Ninachofanya ni kutafuta upungufu wa damu, kuuliza habari za usingizi, kisha kuuliza waziwazi kama kuna sonona, na kama wamewahi kuwaza kujidhuru. Sonona ikiwepo inatibiwa leo, haingoji TSH.