Umeme wa upepo wa kompresa: ya kijiweni na ya kweli

Kwa fundi pancha wetu pale Igoma, Mwanza, hoja hii haiishi: tangi la kompresa likijaa, kwa nini upepo usizungushe jenereta, jenereta iendeshe kompresa, LUKU tuisahau? Haiwezekani. Hewa haizalishi umeme, inautunza tu, na kila ukitunza unapungua. Gusa bomba la kompresa ikiwa inanguruma: linaunguza. Hizo ni uniti zako zinaondoka. Ukifungulia upepo, pua ya mpira inakuwa baridi, maana hewa inayotanuka inadai joto lake.

"Lakini tangi letu kubwa!" Haya, tupige hesabu. Lita 200, presha bar 8. Hata kama hakuna kinachopotea, ndani hamna hata sehemu ya kumi ya uniti moja. Taa ya wati 10 itawaka saa sita na ushee, basi.

Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kikweli huhifadhi hewa mapangoni. Huntorf, Ujerumani, tangu 1978, umeme wa saa ambazo wateja ni wachache hushindilia hewa kwenye mapango mawili ndani ya mwamba wa chumvi, hadi kama bar 70. McIntosh, Alabama, walifuata 1991 kwa megawati 110. Na wanaodhani huko hakuna kinachoungua, wamekosea: mitambo yote miwili huchoma gesi ili kuipasha hewa inapotoka, kwa sababu sehemu kubwa ya lile joto la mwanzo ilishatupwa.

Mawe ya Mwanza je? Pango la chumvi huchongwa kwa maji tu, chumvi inayeyuka na kutolewa. Sasa nenda kamwagie maji jiwe la Bismarck. Graniti inataka baruti, na baruti inataka hela.

Linabaki ziwa, na hapa wabishi wana hoja nusu. Mwaka 2015 huko Toronto walizamisha mifuko ya hewa katika Ziwa Ontario, mita 55 hivi chini, maji yenyewe yakiikandamiza. Ila kila mita 10 za maji huongeza takriban bar 1, na Victoria, penye kina kirefu kuliko pote, ni mita 80 hivi. Yaani uende hadi huko katikati, uzamishe mfuko mpaka kwenye tope, upate bar 8: presha ileile ya tangi la fundi wa Igoma.