Kuimba Wimbo Si Kuumiliki

Katika kazi yangu ya kupitia mikataba ya waimbaji wa pop rock wanaojitungia nyimbo na kujitayarishia rekodi, kuna kauli moja ambayo sasa naijibu kabla mteja hajaimaliza: "Wimbo ni wangu, kwa sababu sauti ni yangu." Imani hiyo imewapotezea wanamuziki mali nyingi kuliko wizi wowote wa nyimbo ninaoujua, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu na nyingine nitazigusia tu.

Ukweli ni kwamba wimbo mmoja uliorekodiwa hubeba haki mbili, na haki hizo zinaweza kuwa mikononi mwa watu wasiojuana hata kidogo. Ipo haki ya utunzi, yaani maneno na melodia, ambayo huanza ikiwa ya mtunzi. Ipo pia haki ya rekodi yenyewe, yaani masta, ambayo kwa kawaida huangukia kwa yule aliyetajwa kwenye mkataba kuwa mmiliki, na mara nyingi huyo ni kampuni iliyogharimia kurekodi. Kusikika kwa sauti yako ndani ya masta hakukufanyi uwe mwenye masta, wala hakukuingizi katika orodha ya watunzi ikiwa hukuandika neno wala noti.

Mwaka 1974 Dolly Parton alitoa I Will Always Love You, wimbo alioutunga mwenyewe. Elvis Presley alipotaka kuurekodi, meneja wake alidai nusu ya haki za uchapishaji, yaani haki za kusimamia utunzi na kupata mapato yake, na Parton akakataa, ingawa alitamani sana kusikia Elvis akiuimba. Mwaka 1992 Whitney Houston aliurekodi kwa ajili ya filamu The Bodyguard, na rekodi hiyo ikaenea dunia nzima. Nchini Marekani, redio za kawaida huwalipa watunzi na wachapishaji wa muziki, lakini haziwalipi waimbaji wala wenye masta. Maana yake ni kwamba kila redio ya huko ilipoipiga rekodi ile, malipo ya kupigwa huko yalikwenda upande wa mtunzi, na Houston, ambaye sauti yake ndiyo iliyowaliza wasikilizaji, hakupata chochote kutokana na kupigwa huko.

Wateja wangu hunijibu kwa kumtaja Taylor Swift, wakiamini kisa chake kinathibitisha kwamba mwimbaji hatimaye hurudishiwa kilicho chake. Hakithibitishi hivyo hata kidogo. Kampuni yake ya kwanza, Big Machine Records, iliuzwa mwaka 2019 pamoja na masta za albamu zake sita za mwanzo, na yeye hakuwa na uwezo wa kuzuia. Alichokuwa nacho ni utunzi, na kifungu cha mkataba kilichomruhusu kuanza kurekodi upya albamu tano kati ya hizo kuanzia Novemba 2020. Filamu au tangazo linalotaka kutumia wimbo huhitaji ridhaa ya mwenye masta na ya mwenye utunzi pia, hivyo aliweza kukataa rekodi za zamani zisitumike huku matoleo mapya yakianza kutoka mwaka 2021. Masta zenyewe alikuja kuzipata Mei 2025, na alizipata kwa kuzinunua.

Ndiyo maana nawasisitizia wateja wangu jambo moja hadi wananichoka: mtu asitoke studio kabla karatasi ya mgawanyo haijasainiwa. Ukurasa mmoja unatosha, wenye jina la wimbo, tarehe, jina halisi la kila aliyeshiriki kutunga, asilimia yake, na saini, na asilimia zote zijumlishwe zifike 100. Mpiga kinanda aliyependekeza noti nne za kiitikio usiku wa manane huwa radhi kupokea asilimia 10 usiku ule ule. Msubiri hadi wimbo upate umaarufu, naye atakuja na mwanasheria akidai nusu. Inanisikitisha kuona marafiki wa miaka mingi wakifikishana mahakamani kwa kukosa karatasi ambayo ingejazwa kwa dakika chache.

Wapo wanaoamini kwamba kujitumia rekodi kwa posta ndani ya bahasha iliyofungwa ni kusajili haki. Sivyo. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao ni makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki, ulinzi wa hakimiliki hauhitaji usajili wowote, na bahasha ile ni ushahidi dhaifu unaochezewa kwa urahisi.

Wapo pia wanaodai kwamba sampuli, yaani kipande cha rekodi ya mtu mwingine kinachotiwa ndani ya wimbo mpya, ni ya bure ikiwa ni ya sekunde chache. Hakuna kiwango cha sekunde kinachomruhusu mtu kuchukua rekodi ya mwenzake. Richard Ashcroft wa bendi ya The Verve aliandika maneno ya Bitter Sweet Symphony, uliotoka mwaka 1997, lakini kwa sababu ya kipande kilichotokana na toleo la okestra la wimbo wa Rolling Stones, alipoteza haki za utunzi hadi mwaka 2019, Mick Jagger na Keith Richards wa Rolling Stones walipokubali kumrudishia.

Malipo ya awali, yaani fedha ambazo kampuni ya rekodi humtangulizia msanii, nayo si mshahara wala zawadi. Kampuni huyakata kutoka kwenye mirabaha yako, yaani fungu lako la mapato ya rekodi, mara nyingi pamoja na gharama za studio na sehemu ya gharama za video, na hulipwi mrabaha wa rekodi hadi deni liishe. Hapo mimi huangalia kwanza kama kuna kifungu kinachoiruhusu kampuni kujilipa deni la rekodi kutoka kwenye mapato ya utunzi, na kikiwepo nashauri kifutwe hata kama kufanya hivyo kutapunguza malipo ya awali.

Mwisho ni imani kwamba msanii asiyeonekana jukwaani amekwisha. Linda Perry alivuma mwaka 1993 na 4 Non Blondes kwa wimbo What's Up?, akaacha bendi, na wengi wakamhesabu kuwa wa wimbo mmoja. Baadaye alimtungia na kumtayarishia mwimbaji Pink wimbo Get the Party Started, uliotoka mwaka 2001, na Christina Aguilera wimbo Beautiful, uliotoka mwaka 2002. Anayefuata njia hiyo asikubali mkataba unaotaja "huduma za studio" peke yake: mrabaha wa mtayarishaji hutoka kwenye rekodi, sehemu ya mtunzi hutoka kwenye utunzi, na kila kimoja kiandikwe kwa kifungu chake na asilimia yake.