Limau halina kosa: kinachokaza chokoleti nyeupe ni maji

Swali limenifikia tena, na safari hii limekuja na majibu yake. Mtu ameyeyusha chokoleti nyeupe, akakamulia limau ili pipi zake ziwe na ladha, na chokoleti ikakaza palepale ikawa donge. Akaambiwa na wenzake kwamba tindikali ya limau imeyakata maziwa, kwa hiyo jaribio lijalo atumie chungwa au chenza, maana hayana ukali. Atatumia chungwa, na atatupa bakuli la pili la chokoleti. Nimelijibu suala hili mara nyingi kwa sentensi mbili tatu, na naona sentensi mbili tatu hazitoshi.

Tindikali haihusiki hapo. Ni maji.

Chokoleti nyeupe ikiyeyuka ni mafuta: siagi ya kakao na mafuta kidogo ya maziwa. Ndani ya mafuta hayo kuna chembe za sukari na za maziwa makavu, zilizosagwa laini hata ulimi hauzihisi. Kila chembe imevikwa mafuta, ndiyo maana zinapishana bila kugusana na chokoleti inamiminika. Sasa tia tone la maji. Maji hayachangamani na mafuta, lakini yanaipenda sukari, kwa hiyo yanaikimbilia. Sukari inalowa upande wa nje, inageuka shira inayonata, na chembe zilizokuwa zikiteleza zinaanza kugandana. Ukiwa bado unakoroga unaona mng'ao umepotea, mwiko umekuwa mzito, na mafuta yanaanza kuchuruzika pembezoni mwa donge.

Maji ya limau ni maji matupu kwa karibu asilimia 90. Tindikali yake ni asilimia 5 au 6 tu. Maji ya chungwa nayo ni maji kwa kiwango hichohicho. Kuhama kutoka limau kwenda chungwa kwa hiyo hakubadilishi chochote isipokuwa rangi ya donge.

Asiyeamini afanye hivi. Yeyusha chokoleti kidogo, uigawe kwenye vikombe vitatu. Cha kwanza tia nusu kijiko cha chai cha maji ya kawaida. Cha pili, nusu kijiko cha maji ya limau. Cha tatu, ncha ya kisu ya unga mkavu wa asidi ya sitriki, ile ile tindikali ya limau, bila maji yake. Koroga vyote. Cha kwanza na cha pili vitakaza sawasawa. Cha tatu kitaendelea kumiminika, na ukionja utakunja uso kwa ukali. Tindikali imo na chokoleti ni nzima.

Jambo linalowachanganya wengi zaidi ni kwamba maji kidogo ni mabaya kuliko maji mengi. Kijiko kimoja cha chai ndani ya gramu 200 kinaharibu. Vijiko vitano vya chakula vya krimu ya moto ndani ya gramu hizohizo 200 vinakupa ganashi, yaani mchanganyiko wa chokoleti na krimu, laini inayong'aa. Sababu ni ileile ya sukari: maji machache yanalowesha chembe na kuziacha zikinatana, maji ya kutosha yanaiyeyusha sukari yote ikawa shira nyepesi, na mafuta yanabaki matone madogo yanayoelea ndani yake. Kwa hiyo anayesema "nilitia tone moja tu" anadhani anajitetea, kumbe ametia kipimo kibaya kuliko vyote. Mvuke wa sufuria ya maji ya moto iliyo chini ya bakuli, mwiko wa mbao uliooshwa ukawekwa haujakauka, rangi ya chakula iliyotengenezwa kwa maji: vyote vinatosha.

Kuna pia ukazaji ambao hauna maji wala limau ndani yake, na limau linasingiziwa bure. Chokoleti nyeupe imejaa maziwa, na maziwa hayavumilii moto. Ikipita nyuzi 50 hivi inaanza kuwa nzito na yenye chenga hata kama bakuli ni kavu kabisa. Kutofautisha si kazi ngumu. Iliyoharibiwa na maji inabaki na rangi yake, inakuwa kama udongo wa kufinyanga na kutoa mafuta. Iliyoungua inageuka manjano kidogo, ina punje, na inanukia maziwa yaliyopikwa sana. Mimi siipitishi nyuzi 45. Kwenye maikrowevu tumia nguvu ndogo, sekunde 20 kwa wakati, koroga kila mara, na itoe ikiwa bado ina vipande vichache. Joto lililobaki litavimaliza.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi kuliko hata hiyo tindikali: imani kwamba ladha ya limau iko kwenye maji yake. Kwenye maji kuna ukali. Harufu, ile inayomfanya mtu aseme "hili ni limau" akiwa amefumba macho, iko kwenye ganda. Chukua ganda la chungwa, likunje karibu na mwanga: utaona vumbi la matone likiruka. Hayo ni mafuta, yametunzwa kwenye vifuko vidogo ndani ya tabaka la nje lenye rangi. Mafuta ya chungwa ni limonene, kemikali ya asili yenye harufu ya machungwa, kwa zaidi ya asilimia 90. Ya limau yana limonene pia, lakini kemikali nyingine, sitrali, ndiyo inayoyapa harufu yake kali. Na kwa kuwa ni mafuta, yanaingia kwenye siagi ya kakao bila ugomvi. Kwa miaka watu wanahangaika kulazimisha maji yaingie kwenye mafuta, na wakati huo huo wanatupa maganda kwenye ndoo ya taka.

Osha tunda kwa maji ya moto na ulisugue, kwa sababu mengi hupakwa nta. Likaushe. Kwaruza kwa kikwaruzo chenye meno madogo, pitisha mara moja tu kila mahali, ukiona weupe simama. Ule weupe wa ndani ni mchungu, na uchungu wake ndani ya kitu kitamu hivi unajitokeza vibaya, hasa kwa balungi.

Hapa mtu makini ataniuliza: ganda bichi si lina maji? Lina, na mengi. Lakini sehemu kubwa ya maji hayo yamefungwa ndani ya chembe za ganda, na ganda la limau moja lililokwaruzwa ni kidogo, kwa hiyo chokoleti inakuwa nzito kiasi bila kukaza. Tatizo linakuja unapofuata ule ushauri maarufu wa kusugua ganda na sukari kwa vidole. Kwa keki ni ushauri mzuri sana. Kwa chokoleti ni mtego, kwa sababu sukari inayanyonya maji yaliyokuwa yamefungwa, nawe unamimina sukari mbichi iliyolowa kwenye bakuli kavu. Ukitaka kutumia njia hiyo, itandaze sukari yako kwenye karatasi usiku kucha, kisha isage tena ikiwa kavu kabisa.

Njia ninayoipenda ni kulitandaza ganda lililokwaruzwa likauke kwa saa kadhaa, kulitia kwenye siagi ya kakao iliyoyeyushwa, kuiacha kwenye nyuzi 45 hivi kwa nusu saa, kisha kuchuja. Siagi hiyo naichanganya na chokoleti, gramu 20 kwa gramu 200. Hakuna nyuzinyuzi, hakuna maji, na harufu imeenea kila mahali. Ila siifichi kasoro yake: ganda likikauka linapoteza sehemu ya harufu ile ya juu, changa, na limau linapoteza zaidi kuliko chungwa. Ganda bichi lililotiwa moja kwa moja linanukia vizuri zaidi siku ile ile. Kwa pipi zitakazoliwa jioni hiyo, naacha ustadi wote pembeni na kutia ganda bichi.

Mafuta ya ganda yanayouzwa kwenye vichupa nayo yanafaa, mradi ni ya kuliwa na si ya kunukia tu. Matone mawili matatu kwa gramu 200, uonje, uongeze. Usimimine. Limonene inalainisha siagi ya kakao, na ukizidisha pipi zinakataa kuwa ngumu hata uzisubiri vipi.

Ukali wenyewe tuupate wapi? Maana chokoleti nyeupe mara nyingi ni sukari kwa karibu nusu, na harufu bila ukali inachosha baada ya kipande cha pili. Watu wako sahihi kuutafuta, wanakosea mlango. Asidi ya sitriki ya unga inafaa, lakini chagua isiyo na maji ndani ya fuwele zake, isage na kijiko cha sukari mpaka iwe vumbi, na uanze na nusu gramu tu kwa gramu 200. Haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo punje kubwa zitakuchoma ulimi moja moja. Maganda yaliyopikwa kwa shira nayo yanabeba ukali kiasi na uchungu mzuri: yachemshe na kumwaga maji mara tatu, yapike kwenye shira mpaka yawe kama kioo, yakaushe siku nzima, ndipo uyachovye. Ukiyachovya yakiwa bado yananata, tumerudi kwenye hadithi ya maji.

Na ukitaka maji ya limau yenyewe, fanya ganashi. Gramu 300 za chokoleti, gramu 60 za krimu, gramu 30 za maji ya limau, gramu 20 za siagi, ganda la malimau mawili. Chemsha krimu na ganda, iache dakika kumi, ipashe tena na uichuje juu ya chokoleti iliyokatwakatwa. Koroga kutoka katikati mpaka iungane. Ndipo utie maji ya limau yaliyopashwa moto, na siagi mwishoni. Igandishe usiku mmoja, ikate au uiviringe.

Hapa ndipo tindikali inapopata neno la kusema, na nadhani ndipo ile imani ilipozaliwa. Protini ya maziwa inaganda ukali ukifikia pH 4.6 (pH ni kipimo cha ukali: namba ikishuka, ukali unapanda), na maji ya limau yako chini sana ya hapo. Kwa hiyo vitabu vinaagiza kwa sauti kubwa kwamba limau lisikutane na krimu kabla ya chokoleti. Mimi nafuata utaratibu huo lakini siuamini kwa nguvu wanayoutangazia. Krimu yenye mafuta asilimia 35 au zaidi ina protini chache na inavumilia mengi. Kuna kitindamlo cha Uingereza, posset, ambacho ni krimu iliyochemshwa na sukari kisha ikatiwa maji ya limau: inakuwa nzito na laini, haikatiki. Ukitumia maziwa au krimu nyepesi ndiyo utaona mabonge. Ganashi nyingi ninazoletewa kwa kilio cha "imekatika" zimeachana tu, mafuta huku na maji kule, kwa sababu zimepoa mno au zimekosa maji ya kutosha. Kijiko kimoja cha krimu ya moto na mkorogo wa nguvu vinazirudisha. Maziwa yaliyokatika kweli hayarudi.

Kuhusu kuchovya pipi kwenye chokoleti iliyoyeyushwa sitakaa sana. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa maumbo sita ya fuwele, na unalolitaka ni la tano, linaloyeyuka karibu na nyuzi 34. Yeyusha hadi 45, poza hadi 26 au 27 ukikoroga, panda hadi 28 au 29, fanya kazi. Namba hizo ni za kuanzia. Chokoleti yenye maziwa mengi huniomba nyuzi moja pungufu, na ninaamini zaidi tone lililopakwa kwenye karatasi: likiwa kavu na lenye mng'ao ndani ya dakika tano, endelea. Pipi utakazoviringisha kwenye sukari au nazi kavu hazihitaji yote haya, na sioni kwa nini wanaoanza wanateswa nayo.

Soma orodha ya viambato kabla ya kulipa. Umoja wa Ulaya na Marekani wanataka angalau asilimia 20 ya siagi ya kakao ndipo kitu kiitwe chokoleti nyeupe. Ukikuta mafuta ya mawese mahali pa siagi ya kakao, hizo nyuzi zote nilizotaja hazikuhusu, na pipi itabaki kwenye kaakaa kama nta.

Ganashi ina maji na krimu, kwa hiyo iweke kwenye friji na imalizwe ndani ya wiki. Vipande vikavu vilivyotiwa mafuta ya ganda pekee hukaa miezi, mahali pakavu pasipo na mwanga, ila vya limau viliwe kwanza, maana harufu yake hubadilika mapema kuliko ya chungwa.

Na kama bakuli limekwisha kukaza mbele yako sasa hivi, usilitupe na usiongeze moto. Pasha krimu au maji hayohayo ya limau, tia kijiko kimoja cha chakula, koroga kwa nguvu, tia kingine. Itaonekana mbaya zaidi kwa vijiko viwili vya mwanzo, kisha italegea ghafla na kung'aa. Haitagandika tena kuwa pipi ya kumwaga kwenye kalibu, lakini ni mchuzi mzuri wa keki, na ukiiacha kwenye friji mpaka asubuhi unaweza kuipiga ikawa krimu ya kujazia biskuti.